Nishani Iliyomngoja Otmar Gama

Ukikaa masjala miaka kumi na minne, unajua mtu amekuja kutafuta nini kabla hajafungua mdomo. Wajane huja na bahasha iliyofungwa kwa mpira. Vijana huja mikono mitupu, na hasira. Wazee wa vita huja wamevaa koti la suti, hata kama suruali yake ilikwisha zamani, na huyu wa Jumatatu ile alikuwa na koti. Aliweka kofia mezani kwangu, akasoma jina kwenye kibandiko changu kifuani, akalisoma tena, kisha akatabasamu.

"Kihwele," alisema. "Ndiyo maana ofisi nzima inanuka woga."

"Na wewe nani?"

"Gama. Otmar Gama, koplo mstaafu. Babu zangu waliwakimbiza babu zako mpaka wakaacha ugali motoni."

Kwa asiyejua, mimi ni Mhehe na yeye ni Mngoni, na hao ni watani. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, halafu, kwa kuwa ilikuwa lazima waishi jirani, wakavigeuza vita vyao kuwa mzaha. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako, akakuambia atakuzika kesho, na ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Na kweli siku ukifa atakuja kukuzika. Atashika jembe, atavaa koti lako na kutembea unavyotembea, mpaka waliofiwa wacheke huku wanalia.

"Ugali ule ulitiwa dawa," nilimjibu. "Mkaula. Ndiyo maana hamrefuki. Sema shida yako upesi kabla sijakuchinja, nina foleni."

"Nichinje, mtani, lakini nishani yangu niandikie kwanza."

Tulicheka wote wawili. Kwenye kioo changu maandishi yakatokea pembeni: *Kauli mbili za kutishia zimehifadhiwa. Mlinzi aitwe?* Nikabonyeza hapana bila hata kuyatazama vizuri. Hunitokea mara tatu nne kwa mwaka, akija Mngoni mwenye mdomo, na mimi niliyachukulia kama mbu tu.

Mzee Gama akaacha kucheka. Alitoa karatasi ya kijani mfukoni na kuikunjua polepole. Karatasi hizo nilizifahamu, maana orodha zake huandikwa na mimi. Ulikuwa mwito wa jeshi la Shirikisho. Gaudensia Gama, miaka ishirini na miwili, aripoti uwanja wa Njombe Jumatano ya wiki inayofuata, saa nane mchana.

"Nilikuwa na wawili," alisema. "Kaka yake alikwenda mwito uliopita. Alirudi ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa jepesi mno, mtani. Sikulifungua. Huyu ndiye aliyebaki."

"Na nyumba yenye nishani ya mapigano haidaiwi mtu."

"Ndiyo sheria. Mimi nilipigana Kilombwe, kwenye bwawa. Nilibeba watu wanne nikapita nao juu ya ukuta, mmoja mmoja, chini ya risasi. Kamanda aliniambia, Gama, hiyo ni nishani. Kwenye faili langu haipo."

"Hiyo ni miaka kumi na tisa, mzee. Ulikuwa wapi?"

Akaishika kofia yake na kuizungusha mezani. "Sikuitaka," alisema. "Sasa naitaka."

Nilimweleza utaratibu, maana ni wajibu. Nishani za vita vile haziandikwi na binadamu. Huandikwa na Shahidi, zikakaa rasimu, na rasimu haisomwi na mtu mpaka mwenyewe aombe. Akiomba, karani huisoma peke yake, huhakiki majina, na hafungui mdomo. Siku ya tisa baada ya ombi, saa sita mchana, rasimu hujithibitisha yenyewe na kutangazwa pamoja na sababu yake. Kabla ya hapo mwombaji anaweza kuifuta, ila aje mwenyewe na aseme kwa mdomo wake.

"Nani atakayefuta nishani yake?" aliuliza.

Akaweka kidole gumba kwenye kioo. Siku ya tisa ilikuwa ileile Jumatano ya mwito. Nilimwambia ana bahati, nishani itatoka saa sita na mwito ni wa saa nane.

*

Rasimu yake niliifungua alasiri, nikiwa na kikombe cha chai na mfuko wa viazi vya kuchoma, kama mtu anayekaa kusoma barua nzuri.

Lazima niseme kidogo kuhusu Shahidi, kwa ajili ya watoto waliozaliwa baadaye wakamkuta kila mahali wakadhani aliletwa na Mungu. Shahidi alianza kwenye kitako cha bunduki, kidude kisichozidi punje ya haragwe. Askari wa Kilombwe hakufyatua risasi. Kazi yake ilikuwa kuibeba bunduki na kuielekeza upande wa adui. Shahidi ndiye aliyetazama mikono ya watu, akasikiliza maneno yao, akapima mapigo ya moyo wa mwenye bunduki, akaamua. Alikuwa mwepesi kuliko kidole chochote, ndiyo maana tukashinda. Tulipokwisha kushinda wakamleta ofisini, shuleni na hospitalini, atulinde na huko.

Lakini Shahidi alifundishwa Kiswahili na watu waliokuwa na haraka. Walihitaji maneno ya vitisho, maelfu kwa maelfu, yaliyoandikwa vizuri na yenye uhakika wa kilichofuata. Wakaenda kuyachota kwenye majalada ya mahakama. Humo kila aliyesema "nitakuua" alikuwa ameua. Hakuna aliyekwenda kuyachota msibani.

Niliyajua hayo yote, kama unavyojua kwamba kuna moto chini ya ardhi. Ndipo nikasoma.

*Nishani ya Mkono Mwepesi, Daraja la Pili. Kwa Koplo Otmar Gama, kwa kumwondoa adui wa ndani. Mahali: ukuta wa Bwawa la Kilombwe. Saa moja na dakika arobaini asubuhi Sajini Lusungu Kalinga, akiwa na kisu mkononi, umbali wa hatua mbili, alitamka nia ya kumuua mwenye silaha. Silaha ilimlinda mwenye silaha. Tishio lilikoma.*

Chini kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo: *Kubeba majeruhi wanne: kazi ya uchukuzi. Haina nishani.*

Kalinga ni jina la kwetu. Nilijua kabla ya kusikiliza. Hata hivyo kuna kinasa sauti, na karani anatakiwa kusikiliza ili kuhakiki majina, nikavaa vidude vya masikioni.

Kulikuwa na upepo, na risasi za mbali. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu mchangamfu, ikasema, "Mngoni, lete hilo kopo la nyama. Leo hutoki kwenye ukuta huu. Nakuchinja mimi mwenyewe, adui nitamwambia nimemsaidia kazi." Kisu kikagusa bati. Mtu mwingine alikuwa anacheka, na nilikitambua kicheko kile, nilikisikia dirishani kwangu asubuhi. Risasi moja ikalia karibu sana. Na Otmar Gama akaendelea kucheka, labda kwa muda wa kuvuta pumzi moja, maana alikuwa hajajua.

Nilivua vile vidude. Chai ilikuwa imeganda utando juu. Nikayakumbuka yale maandishi ya pembeni niliyoyafuta asubuhi bila kuyatazama.

*

Nilitafuta faili la Lusungu Kalinga. Alikuwa ameandikwa *alifia kazini*, na sababu imefungwa. Ingefunguka Jumatano saa sita. Baada ya hapo jina lake lingehamia Daftari la Doa, wanakoandikwa maadui wa ndani, na nyumba yake pia. Alikuwa na mke huko Mafinga na mtoto mmoja, Barnaba, miaka ishirini, naye mwito ulimfikia, kombania ya kawaida. Watoto wa Daftari la Doa hawaendi kombania ya kawaida. Huwekwa kikosi cha miguu, kinachotangulia mbele ya magari kwenye barabara zenye mabomu. Mwito uliopita niliandika majina arobaini na mawili ya kikosi hicho. Nimeshapokea mafaili arobaini na moja ya kufunga.

Kupinga? Fomu ya kupinga ipo. Pingamizi dhidi ya Shahidi husomwa na Shahidi, na hujibiwa baada ya siku arobaini. Nimewahi kuwapelekea watu wawili. Wa kwanza alijibiwa kuwa hana hoja. Wa pili alijibiwa kuwa kumkana Shahidi ni dalili, na sasa ana faili lake.

Basi siku nne nilikuwa mtu asiyelala wala kula. Nilijiambia ninyamaze. Sheria inataka ninyamaze. Otmar Gama atapata nishani, binti yake atabaki nyumbani, na yeye mwenyewe hatajua mpaka litangazwe, na likitangazwa litakuwa limepita. Barnaba simjui. Sijawahi kumwona. Nikajiambia hivyo nikiwa jikoni, nikiwa njiani, nikiwa kanisani. Kila nikimaliza kujiambia, nasikia kile kicheko kikiendelea baada ya risasi.

Alhamisi nilimpelekea ujumbe mfupi: *Mngoni, ulinitukana kazini. Leta kuku wa faini kwa shangazi yangu, Jumamosi mchana.* Ujumbe kama huo hata Shahidi hawezi kuutilia shaka. Ni deni la kuku.

Shangazi yangu ana shamba la mianzi bondeni, nje kidogo ya mji, anagema ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Hakuna umeme wala mtambo wa aina yoyote, na simu tuliziacha nyumbani ndani ya chungu cha unga. Mvua ilikuwa imekatika. Mzee Gama alikuja amembana kwapani jogoo mwekundu, amevaa koti lilelile, uso umechangamka.

"Huyu ni mzee kuliko wewe," alisema. "Nyama yake itawang'oa meno Wahehe wote wa Njombe."

Nilimkaribisha kwenye gogo. Shangazi akatuletea ulanzi ndani ya mbeta, kile kikombe cha mwanzi, akaondoka. Ulanzi ulidondoka taratibu kutoka kwenye ncha za mianzi iliyokatwa.

"Mzee," nilisema, "Lusungu Kalinga alikuwa nani kwako?"

Uchangamfu ukamtoka usoni. "Mtani wangu. Rafiki yangu. Umemtoa wapi?"

Nikamweleza. Nilimsomea rasimu kwa kichwa, neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa kuisahau. Sikuongeza neno la kulainisha. Hapakuwa na lolote la kulainisha.

Jogoo alikuwa bado kwapani mwake, naye ametulia.

"Bunduki ya nani?" aliuliza, ingawa nilikuwa nimemwambia.

"Yako, mzee."

"Ilikuwa magotini kwangu." Aliinama akayatazama magoti yake. "Asubuhi yote ilikuwa inapiga yenyewe, kulia, kushoto, kwenye ukungu, hata hatukuihesabu tena. Yeye akaanguka. Nikasema risasi imetoka mlimani. Niliwaambia wote imetoka mlimani. Lakini ilikuwa ya moto, mtani. Nilivyoishika ilikuwa ya moto, na mdomo wake umemwelekea. Miaka kumi na tisa nimesema moyoni, bunduki zote zilikuwa za moto siku ile."

Ndiyo maana hakuiomba nishani ile miaka yote. Nadhani sehemu moja ya moyo wake iliogopa kitakachokutwa ndani ya faili.

"Kaburi lake nilichimba mimi," aliendelea. "Nikavaa koti lake, nikaiga anavyosali, anavyomgombeza mkewe. Mama yake mzazi akacheka. Barnaba alikuwa na mwaka mmoja. Sasa ananiita baba Mngoni. Kila Krismasi ananiibia kuku mmoja, namwachia banda wazi aingie."

"Saa sita Jumatano itatangazwa," nilisema. "Usipoifuta."

"Na nikiifuta, Gaudensia anaondoka saa nane."

"Ndiyo."

Ndipo aliponitazama, na yalikuwa macho ya mtu mwingine. "Kwa nini umeniambia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. Nikasema ni jina lake linalotiwa pale, ni haki yake kujua.

"Haki," alisema. "Ungenyamaza mwanangu angebaki. Ungenyamaza ningemlilia Barnaba kama watu wengine wote wanavyolia, kwa jambo nisilolichagua. Umeogopa kubeba peke yako, ukaona unigawie. Sema ukweli."

Nilibaki nimeshika mbeta kwa mikono miwili.

Alimweka jogoo chini, miguu imefungwa, akavaa kofia yake. "Asante, Bi Kihwele," alisema, na hakuniita mtani. Hilo liliniuma kuliko yale mengine, naliandika hapa kwa kuwa ni kweli.

*

Jumatano asubuhi nilikuwa dirishani tangu saa moja. Kila mlango ulipofunguka niliinua kichwa. Saa tano akaja mjane, saa tano na nusu kijana mwenye hasira. Saa sita kasoro dakika nane akaingia Otmar Gama, bila koti, amevaa sweta la kawaida lililotoboka kiwiko. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kioo cha ukutani ambapo Shahidi hupokea viapo, akavua kofia.

"Nafuta ombi langu," alisema.

Sauti ya Shahidi ofisini kwetu ni ya mwanamke mpole. "Taja sababu."

"Uzee."

"Ombi lina manufaa kwa nyumba yako. Binti yako ameitwa leo. Kulifuta si kawaida. Je, kuna mtu aliyekueleza yaliyomo kwenye rasimu?"

Karani anayetoa siri ya rasimu hafungwi mwaka mmoja wala miwili. Yeye alilijua hilo, na alikuwa na sababu zote za kunichukia. Akageuza kichwa na kunitazama.

"Nani anieleze?" alisema. "Huyu? Huyu Mhehe hawezi kueleza hata njia ya kwenda kwao. Ningemkata ulimi ningemwokoa mumewe."

Kwenye kioo changu yakatokea: *Kauli ya kutishia dhidi ya mtumishi imehifadhiwa. Uhusiano wa mwombaji na karani: uadui.* Shahidi akaridhika. Maadui hawapeani siri. Hivyo ndivyo upofu uliomuua Lusungu Kalinga ulivyoniokoa mimi, na sijui mpaka leo nimshukuru nani.

"Ombi limefutwa," ile sauti ilisema. "Rasimu imefungwa."

Alipita dirishani kwangu akitoka. Nilitaka kusema kitu chochote. Alinitangulia, kwa sauti ya chini, midomo haichezi.

"Nilimzika mara moja," alisema. "Siwezi kumzika tena." Kisha akasema, "Gaudensia nimemwambia yote. Nimemwambia huko asimtanie mtu, na asikubali kutaniwa. Hakuna usia mwingine niliokuwa nao, mtani."

*

Saa nane nilikuwa uwanjani na orodha, kuhakiki majina, maana hiyo nayo ni kazi ya masjala. Kulikuwa na malori sita. Wazazi walisimama nje ya uzio wa waya wakiwa na vifurushi vya viazi na mahindi ambavyo havikuruhusiwa kupita. Nimeshuhudia miito mitatu katika uwanja ule, na kila mara vijana huwa na kelele, huimba, hutukanana kwa makabila yao mpaka lori linapowashwa. Kama mwanangu wa kumzaa angekuwa humo, ningeziombea kelele zile zidumu. Siku ile niliziogopa.

Bunduki ziligawiwa mezani. Kila kijana aliweka gumba kwenye kitako, taa ndogo ikawaka, bunduki ikawa yake. Sajini aliyezigawa alirudia maneno yaleyale kwa kila mmoja, kwa sauti ya kuchoka. "Kijani, imekujua. Njano, inatazama jambo. Nyekundu, usiwe mbele yake."

Gaudensia Gama alikuwa wa ishirini na tisa. Msichana mrefu, paji la uso la baba yake, nywele amenyoa mwenyewe na kujikata kidogo juu ya sikio. Aliweka gumba, taa ikawa kijani. Alikwenda kusimama nyuma ya lori la tatu, bunduki ameiegemeza mguuni, midomo ameifunga kabisa. Baba yake alikuwa upande wa pili wa uzio, vidole ameviingiza kwenye matundu ya waya.

"Thelathini na moja," nilisoma. "Barnaba Kalinga."

Alikuja kijana mnene wa mabega, mchangamfu, mwenye sauti nzito. Niliijua ile sauti. Aliniambia shikamoo mama, nikaitikia marahaba huku nikitia alama kwenye jina lake. Hakuwa na doa kwenye faili lake. Alikuwa mtoto wa sajini aliyefia kazini, kombania ya kawaida, lori la tatu. Aliweka gumba, akaitundika bunduki begani, mdomo umetazama mbele, akageuka kutafuta mahali pa kusimama.

Akamwona Gaudensia. Walikuwa wamekua pamoja kila Krismasi, banda la kuku moja. Katika uwanja mzima wa sura ngeni alikuwa ameona sura ya nyumbani, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha. Alimwendea kwa hatua ndefu akiwa ameshainua kidole cha kumwonyeshea, kifua kimejaa pumzi ya kusema.

"Mngoni!" alisema. "Na wewe umeletwa? Basi leo naku..."

Gaudensia aliruka. Bunduki yake iliangukia nyasi, mdomo umemwelekea Barnaba. Alimfikia kwa hatua mbili na kumziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mkono mwingine amemshika kisogo ili asirudi nyuma. Barnaba alidhani ni mzaha. Niliona macho yake yakicheka juu ya vidole vya Gaudensia.

Begani kwa Barnaba, taa ya bunduki ikatoka kijani ikawa njano.

Mzee Gama aliita jina la binti yake kutoka kwenye uzio, mara moja, polepole, kama unavyomwita mtoto aliyekaribia moto. Gaudensia alikuwa ameshaiona ile taa. Nilisimama hatua kumi kutoka pale, orodha mkononi. Chini ya kiganja Barnaba alikuwa bado anajaribu kumalizia sentensi yake, na Gaudensia hakujua auondoe mkono ule maneno yatoke, au auache palepale taa iwe nyekundu, wala mimi sikujua.